Sanamu kwa Balto, uzao kwa Togo

Desemba 2025 ilitimiza miaka 100 tangu sanamu ya shaba ya mbwa Balto izinduliwe katika bustani ya Central Park, New York, Balto mwenyewe akiwapo. Familia nyingi zinazotamani kufuga mbwa wa kuvuta sleji huvutiwa kwanza na sifa za shujaa huyo. Lakini shaba haikuhifadhi aina hii ya mbwa, haski wa Siberia. Kilichoihifadhi ni kazi na mabanda ya wafugaji, na anayetaka kuzalisha leo ana mengi zaidi ya kujifunza kwa mbwa mwingine, Togo.

Mbwa hawa walitoka kwa Wachukchi wa Siberia. Mwaka 1908 mfanyabiashara William Goosak aliwavusha hadi Nome, Alaska, ambako wengi waliwadharau kwa udogo wao. Dharau hiyo iliisha mwaka 1910, John Johnson alipoibuka mshindi wa mbio kubwa za Alaska akiendesha timu ya mbwa wa Siberia. Leonhard Seppala, mzaliwa wa Norwei, akazitwaa mbio hizo mwaka 1915, 1916 na 1917.

Januari 1925 dondakoo ilizuka Nome. Waendeshaji 20 wa sleji walipokezana dawa kwa umbali wa kilomita 1,085, wakaifikisha kwa muda wa siku tano na nusu. Gunnar Kaasen, ambaye Balto aliongoza timu yake, aliingia mjini alfajiri ya Februari 2 baada ya kukata takriban kilomita 85 katika dhoruba. Wapiga picha na magazeti walimtaka aliyefika, na aliyefika ni Balto. Seppala, aliyekuwa mmoja wa waendeshaji hao, aliumia moyoni. Kumbukumbu zake, alizoziandika Elizabeth Ricker mwaka 1930, zinasisitiza kwamba Togo, kiongozi wa timu yake, akiwa na umri wa karibu miaka 12, ndiye aliyebeba mzigo mzito kuliko wote: kwenda kuipokea dawa na kurudi nayo, safari ya takriban kilomita 420, ikiwemo kuvuka barafu hatari ya ghuba ya Norton. Balto naye alitoka banda la Seppala, lakini bwana wake alimhesabu kuwa mbwa wa mizigo tu.

Yapo ya kumtetea Balto, na ni ya haki. Aliongoza timu gizani upepo ukivuma, na hakujitafutia umaarufu. Tena umaarufu huo haukumnufaisha, kwani aliishia katika maonyesho ya kulipia huko Los Angeles, hadi mwaka 1927 wakazi wa Cleveland, watoto wa shule wakiwemo, walipochanga fedha za kumkomboa. Heshima yake basi ibaki. Ila Balto alikuwa amehasiwa, hakuacha mtoto hata mmoja. Togo alipelekwa Poland Spring, Maine, kwenye banda la Seppala na Ricker, akazaa huko hadi kifo chake mwaka 1929. Mbwa wa banda hilo ni miongoni mwa chimbuko la haski wa Siberia wanaofugwa leo Marekani.

Mwaka 1930 klabu ya mbwa ya Marekani, American Kennel Club, iliitambua rasmi aina hiyo, na tangu hapo wafugaji wengi wakaanza kuchagua sura: rangi ya macho, mpangilio wa manyoya. Wapo wanaosema kwamba familia isiyoshindana haihitaji mbwa wa kazi. Hoja hiyo haimtendei haki mnyama, maana haski hata akizaliwa mjini bado ana hamu ya kukimbia. Akinyimwa kazi hulia kwa sauti ndefu, huchimba na kutoroka. Isitoshe, uchunguzi wa vinasaba vya Balto uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mbwa wa kizazi chake walikuwa na vinasaba vya namna nyingi zaidi, na kasoro chache zenye madhara, kuliko mbwa wa leo wa aina safi. Hata mwenye sanamu anashuhudia upande wa kazi.

Kwa hiyo familia inayotaka kuzalisha isianze na picha nzuri. Iwafungie mbwa wake sleji kwa misimu kadhaa, iwajue kwa pumzi, miguu na moyo, iwapime afya, na iepuke kupandisha ndugu kwa ndugu. Mbwa asiyefaa kazi apendwe na atunzwe nyumbani, lakini asizalishwe.