Mlango wa Kiini: Kwa Nini Dawa Hazikomi

Leo tunachukua swali moja ambalo akina mama huuliza kliniki, mara nyingi kwa sauti ya chini: "Daktari ameniambia virusi havionekani tena kwenye damu yangu. Mbona basi niendelee kumeza dawa kila siku?"

Swali hilo ni la haki. Jibu lake lina historia ndefu, nayo inaanzia kwenye mlango mdogo sana.

Mwili wako umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli, isipokuwa chache kama zile nyekundu za damu, kuna kiini. Fikiria masjala ya ardhi. Rejista halisi ya mashamba haitolewi nje. Mtu hupewa nakala tu. Ndivyo kiini kinavyofanya. Ndani yake mna DNA, yaani maagizo yote ya mwili, na kinachotoka ni nakala, ambazo husomwa katika ute unaozunguka kiini na kutengenezea protini. Kati ya kiini na ute huo kuna ukuta wenye matundu. Mwaka wa 1950 wanasayansi wawili nchini Uingereza, Callan na Tomlin, waliyaona matundu hayo katika mayai ya wanyama wa jamii ya chura, wakitumia darubini ya elektroni. Vitu vidogo hupita wenyewe. Vikubwa lazima viwe na alama, kama anwani juu ya barua, na wapagazi wa kuvipitisha. Günter Blobel, aliyegundua kwamba protini hubeba alama za namna hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1999.

Sasa tuje kwa mwizi. Virusi vya Ukimwi vilitambuliwa Paris mwaka wa 1983 na kundi la Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier. Mwaka uliofuata mgonjwa wa kwanza alitambuliwa hapa Kenya. Virusi hivi hushambulia seli zinazolinda mwili. Vikiingia kwenye seli, haviridhiki kukaa kwenye ute. Hutafuta kiini, hugeuza maagizo yao yawe DNA, kisha hujiandika ndani ya DNA yako. Ni kama tapeli aliyeingia masjala usiku akaongeza jina lake katikati ya rejista. Kuanzia hapo seli yenyewe hutoa nakala za virusi ikidhani ni kazi yake ya kila siku, na virusi vina protini yao, iitwayo Rev, ya kuzisindikiza nakala hizo kutoka nje ya kiini.

Mwaka huo huo wa 1999, mwezi wa Novemba, Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Wengi wetu tunaikumbuka miaka ile, na mazishi yake. Lakini mwaka ule ule habari njema zilitoka kwa jirani, Kampala. Utafiti ulionyesha kwamba tembe moja ya nevirapine kwa mama aliye na uchungu wa kuzaa, na matone kwa mtoto ndani ya siku 3, ilipunguza maambukizi karibu kwa nusu, ikilinganishwa na dawa ya AZT iliyotolewa kwa muda mfupi. Nevirapine huzuia virusi visigeuze maagizo yao kuwa DNA, kwa hiyo hakuna cha kuandikwa kwenye rejista ya mtoto.

Ila tembe moja ilimkinga mtoto tu. Mama alibaki vilevile, na mtoto anahitaji mama. Ndiyo maana naona mwaka wa 2001 ni mkubwa kwetu sisi wa Uasin Gishu na Nandi: Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha AMPATH, na kliniki zikafunguliwa Eldoret na Mosoriot kumtibu mama mwenyewe.

Hapo ndipo swali letu linaporudi. Kufikia mwaka wa 1997 watafiti walikuwa wamepima watu waliotumia dawa vizuri hadi virusi havikuonekana kwenye damu. Walipozichunguza seli zilizolala, wakavikuta humo, vimeandikwa ndani ya viini, vimenyamaza. Dawa huwazuia matapeli wapya. Jina lililokwisha kuandikwa halifuti.

Mwaka wa 2010 mtoto alizaliwa Mississippi, Marekani, akiwa na virusi. Alianzishiwa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa. Alipofika kama miezi 18 dawa zilikatizwa, na vipimo havikuona virusi kwa zaidi ya miaka 2. Dunia nzima ilishangilia, madaktari wakasema huenda amepona. Julai 2014 virusi vikarudi, akaanzishiwa dawa tena. Kogo zetu wanaolea wajukuu wenye virusi wangeelewa uchungu wa siku ile kuliko profesa yeyote.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba gamba la virusi, ambalo lina umbo kama gunzi la hindi, nene huku na jembamba kule, ni kubwa mno kupita kwenye tundu la kiini, kwa hiyo lazima livunjike nje. Tafiti za mwaka wa 2020 na 2021 zilionyesha kwamba hupita zima. Mwaka wa 2024 ikajulikana namna gani: gamba hujifanya mpagazi, nalo tundu hulipisha.

Dawa ya lenacapavir hulishika gamba hilo likashindwa kupita vizuri. Ni sindano mara moja kila miezi 6. Katika utafiti uliotangazwa Juni 2024, wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliodungwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Lakini sikiliza vizuri, mama. Sindano hiyo, katika utafiti ule, ilikuwa ya kumkinga asiye na virusi. Wewe uliye navyo, tembe yako ya kila siku, ambayo kwa wengi sasa ina dolutegravir, hukizuia kile kitendo cha kuandika kwenye rejista. Ukinyonyesha, endelea nayo, na mpe mtoto dawa yake ya maji kama ulivyoelekezwa kliniki. Ikiwa inakusumbua tumboni au usingizini, usiache kimyakimya. Rudi umwambie muuguzi.