Usonji: Mzazi Alivyogeuzwa Kutoka Shahidi Kuwa Mshtakiwa

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, wenye hali tunayoiita leo usonji. Ushahidi wake mwingi ulitoka kwa wazazi. Baba wa mtoto wa kwanza alimpelekea barua ya kurasa 33 zilizopigwa taipu. Akina mama walikumbuka kwamba mtoto, akinyooshewa mikono abebwe, hakujiweka tayari: hakuinua mabega wala kujikaza, jambo ambalo kwa kawaida watoto huanza kulifanya wakiwa na miezi minne hivi. Kwa maelezo kama hayo Kanner alihitimisha kuwa watoto hao walizaliwa na hali yao. Hata hivyo, katika makala hiyohiyo aliuona wingi wa maelezo ya wazazi kama dalili ya kung'ang'ania mambo madogomadogo, akaongeza kuwa wachache tu kati yao walikuwa wakunjufu. Lawama ya baadaye ilianzia hapo: haikuhitaji ushahidi mpya, ilihitaji tu shahidi ageuzwe mshtakiwa.

Kufikia 1949 Kanner alikuwa akiandika juu ya watoto waliohifadhiwa kama ndani ya friji isiyoyeyusha barafu. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya bweni ya watoto huko Chicago, alitoa kitabu chake *The Empty Fortress*, na dhana ya mama baridi, kwamba ubaridi wake ndio husababisha usonji, ikaenea mbali. Watetezi wa dhana hiyo hawakukosa hoja. Miaka ya 1940 mtafiti René Spitz alikuwa ameonyesha jinsi watoto wachanga wanavyodhoofika katika vituo visivyo na malezi ya karibu. Ni kweli, kukosa malezi humdhuru mtoto; lakini haifuati kwamba kila mtoto mwenye shida amekosa malezi. Wengi wa wazazi waliolaumiwa walikuwa wamelea watoto wengine wasio na usonji. Isitoshe, daktari aliwakuta baada ya miaka ya kuhangaika na mtoto asiyeitika. Ubaridi aliouona ungeweza kuwa tokeo, si chanzo. Na kama wengi wa wazazi hao walikuwa wasomi, huenda ni kwa sababu wasomi ndio waliokuwa na uwezo wa kumfikia daktari bingwa.

Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa tayari ameipinga dhana ya mama baridi kitabuni. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha: kati ya jozi 11 za kufanana, 4 zilikuwa na usonji kwa pacha wote wawili, na kati ya jozi 10 zisizofanana, hakuna hata moja. Mtu atasema 4 kati ya 11 si zote, kwa hiyo urithi hautoshi kueleza kila kitu. Sawa, ila kilichobaki si lazima kiwe upendo wa mama. Watafiti hao waliangalia pia madhara ya wakati wa kuzaliwa. Kanner mwenyewe alikuwa ameshawaondolea wazazi lawama hadharani mwaka 1969. Siku hizi uchunguzi wa awali wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu huanza kwa kumuuliza mzazi: akiitwa jina, huitika? Huonyesha kitu kwa kidole? Majibu yake huandikwa kama taarifa juu ya mtoto, na ndivyo yalivyostahili kusomwa tangu 1943.