Samaki wa mapambo: wafugaji wa ng'ambo wana sauti, sisi je?

Ukiingia sebuleni kwa bin ami yangu kule Buruburu, Nairobi, kitu cha kwanza kukuvutia ni tangi la kioo lenye maji chumvi, ndani mna kangaja na vipepeo wa baharini. Kufuga bahari Eastlands si mchezo. Maji ya mfereji huja kwa zamu tena yana dawa, chumvi maalumu ya kuyachanganyia ni ghali, na baridi ya Julai humlazimu kuyapasha moto mpaka yafike nyuzi 25 hivi. Stima ikipotea kwa saa chache, pampu husimama na samaki hukosa hewa.

Nilimuuliza: "Samaki hawa wa kwetu, sheria yao hutungwa na nani?" Akacheka, akasema hajui. Wengi wetu hatujui, na makala haya yanaeleza.

Biashara yenyewe

Kwa miongo mingi Kenya imekuwa ikiuza nje samaki hai wa mapambo. Mzamiaji hushuka kwenye matumbawe na vyandarua vidogo, akamshika samaki bila kumjeruhi. Kisha samaki hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji na oksijeni, akapakiwa kwenye boksi na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, kuwavua ni marufuku. Nje ya hapo, uvuvi husimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016.

Wafugaji wa Marekani

Huko Marekani, mtu mwenye tangi sebuleni hakai kimya. Mwaka 2009 shirika moja la mazingira liliiomba serikali iorodheshe aina 83 za matumbawe chini ya sheria ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2012 serikali ikapendekeza aina 66. Wafugaji waliingiwa na hofu kwamba tumbawe walilolikuza wenyewe nyumbani lingekuwa haramu kuuziana. Vyama vyao vilivyoungana chini ya MASNA, pamoja na baraza la wafanyabiashara wa wanyama wa nyumbani, PIJAC, vilitoa maoni rasmi na kuhimiza wanachama waandike. Mwaka 2014 serikali ikaorodhesha aina 20. Sisemi ni barua zao peke yake zilizopunguza idadi, kwani wanasayansi nao walitoa ushahidi mpya. Lakini walikuwapo mezani.

Hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema samaki mwenye bei humpa mvuvi sababu ya kulitunza tumbawe, na kwamba wanaozalishwa kwenye matangi huipunguzia bahari mzigo.

Wavuvi wa Hawaii

Upande wa pili nao una sauti. Kule Hawaii, wavuvi wenyeji pamoja na watetezi wa mazingira walikwenda mahakamani kulalamika kwamba vibali vya kukusanya samaki wa mapambo vilitolewa bila kuchunguza athari zake. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Hawaii iliwapa haki: uchunguzi kwanza, kibali baadaye.

Na sisi?

Tuna mfano wetu. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wazee waliona samaki wanapungua kwa uvuvi wa kupita kiasi na ukusanyaji wa samaki wa mapambo usio na mpaka. Wakafunga sehemu ya bahari, kama hekta 30, na samaki wakarudi. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini nje ya Kuruwitu, waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Marekani ikifunga soko, mzamiaji wa Shimoni hupoteza riziki bila kuulizwa. Soko likiachwa bila mpaka, tumbawe la babu yake hubaki tupu, na hapo pia hakuulizwa.

Mlango uko wazi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, hata la kubadilisha sheria. Ombi linaweza kuandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili, mradi lugha iwe ya heshima, useme kama umeshajaribu kwa ofisi husika na kama jambo liko mahakamani, kisha utie sahihi au dole gumba. Kabla ya hapo, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kuuliza ni kampuni ngapi zina leseni, na zinachukua samaki gani, wangapi, kutoka wapi. Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21.

Hapa ndipo ndugu zetu wa Eastlands wanapohitajika. Mvuvi wa Shimoni akitaka kufika Bungeni, ana safari ya zaidi ya kilomita 500. Bin ami yangu anapanda matatu moja tu hadi katikati ya mji. Ikiwa bahari inamfurahisha akiwa sebuleni, basi na ambebee mvuvi karatasi yake. Nimemwambia, naye amekubali. Sasa kazi ni kwetu huku pwani: vikundi vya usimamizi wa fuo vikae, viandike, vikusanye sahihi.