Picha nzima: kwa nini karatasi huwakata watu wa pembeni

Tarehe 24 Aprili 1965, kikundi kidogo cha Wakuba kilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, kwenye mwambao wa Fizi. Ili wasijulikane, viongozi wao watatu walijiita kwa hesabu ya Kiswahili: Moja, Mbili na Tatu. Huyo Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara, mzaliwa wa Argentina. Alikaa katika milima ya Fizi karibu miezi saba akiwasaidia waasi wa wakati ule, kisha akavuka tena ziwa mwezi wa Novemba bila ushindi.

Hata asiyejua habari za Kibamba anaujua uso wake. Umechapwa kwenye fulana, kwenye bendera na kwenye kuta za dunia nzima: kofia yenye nyota, nywele ndefu, macho yanayotazama mbali. Wachache ndio wanaojua kwamba picha ile ilikatwa, na kwamba mtu mwingine alitolewa ndani yake.

Ilipigwa mjini Havana tarehe 5 Machi 1960, siku ya kuwaaga watu waliokufa meli La Coubre ilipolipuka bandarini. Mpiga picha, Alberto Korda, alikuwa na kamera ya Leica yenye filamu ya milimita 35. Katika filamu hiyo Che hayuko peke yake. Upande mmoja yanaonekana majani ya mnazi, na upande wa pili kuna mwanaume aliyesimama kiubavu. Huyo ni Jorge Masetti, mwandishi wa habari wa Argentina, mwanzilishi wa shirika la Prensa Latina. Korda aliyakata majani, akamkata na Masetti, akabakiza uso mmoja. Mwaka 1964 Masetti alipotelea katika misitu ya Salta, kaskazini mwa Argentina, na mwili wake haukuonekana tena.

Korda alikata kwa makusudi. Alijua nani anabaki na nani anatoka, na filamu nzima ilibaki mkononi mwake. Ndiyo maana leo watu bado wanaweza kumwona Masetti mahali aliposimama siku ile.

Familia za Fizi nazo zina picha zilizokatwa, lakini mara nyingi hakuna aliyeamua. Vita ilipofika mwaka 1996, wakaaji wengi wa Baraka na vijiji vya mwambao walivuka ziwa kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo, na nyingine, Lugufu, ilifungwa mwaka 2009. Baadaye familia nyingine zilishuka kutoka milima ya juu, na nyingine zilipelekwa kuishi Marekani, Kanada na Australia. Mtu anayekimbia hubeba watoto, sufuria na makaratasi. Picha ikiwemo, huwa ni moja au mbili. Leo mtoto aliye ng'ambo huomba atumiwe picha hiyo kwa simu, anaiagiza kwenye mtandao ichapwe vizuri, na inaporudi imepungua. Shangazi aliyekuwa mwisho wa mstari hayupo tena, au kaka aliyesimama nyuma amebaki bila kichwa.

Chanzo chake ni umbo la karatasi. Miaka ya 1910 Mjerumani Oskar Barnack alichukua filamu ya sinema akaitumia katika kamera ndogo, na Leica ikaanza kuuzwa mwaka 1925. Kila picha yake ilikuwa na milimita 24 kwa 36, yaani sehemu mbili kwa tatu. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ina umbo hilohilo, kwa hiyo picha ya filamu hiyo inaingia yote. Lakini karatasi ya 20 kwa 25 ni fupi: ili ijae, lazima sehemu moja katika sita ya urefu wa picha itupwe. Zamani fundi wa stidio aliiangalia picha chini ya mashine ya kukuzia, akaisogeza mpaka watu wote waingie. Siku hizi mashine hufanya kazi hiyo peke yake, na haijui ukoo wa mtu.

Simu zimeongeza shida. Simu nyingi hupiga picha ya sehemu tatu kwa nne. Picha kama hiyo ikilazwa kwenye karatasi ya 10 kwa 15, sehemu moja katika tisa ya kimo chake hupotea, nusu juu na nusu chini. Katika picha ya ukoo, juu ndipo vilipo vichwa vya mstari wa nyuma. Simu iliyowekwa kupiga picha ndefu kama televisheni hukosea upande mwingine: kwenye karatasi ileile hupoteza zaidi ya sehemu moja katika saba ya urefu, na hapo hutoka watu wa mwisho kulia na kushoto.

Dawa yake si ngumu. Kazi za kuchapa picha kwa mtandao kwa kawaida hujaza karatasi bila kuuliza, lakini nyingi zina chaguo la pili: picha nzima, pamoja na ukingo mweupe. Picha ya simu ikiwekwa nzima kwenye karatasi ya 10 kwa 15, huacha ukingo wa milimita 8 hivi kila upande. Ukingo huo haudhuru kitu. Anayeagiza aangalie picha ya majaribio kabla ya kulipa, na ahesabu vichwa. Kama anampelekea fundi wa Baraka au Uvira, amwambie wazi: usikate, acha nyeupe. Na anayetuma kwa WhatsApp aitume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora.

Picha ya zamani ya karatasi nayo inataka uangalifu kabla ya kufika huko. Ilazwe mahali tambarare penye mwanga wa mchana, bila jua kali, na simu iinuliwe juu yake sawasawa. Meza ionekane kidogo pande zote nne, upana wa kidole unatosha. Hivyo hata mashine ikikata, itakata meza. Nyuma ya picha pana maandishi mara nyingi: jina, mwaka, kijiji. Upande huo nao upigwe.

Uso wa Tatu hauna hatari ya kupotea, kwa kuwa upo kila nchi. Aliyesimama mwisho wa mstari katika picha ya harusi ya Baraka hana picha nyingine. Pengine alibaki njiani mwaka 1996, na wajukuu waliozaliwa Nyarugusu hawakumwona kamwe. Sentimita moja ya karatasi ndiyo mahali pake pa pekee, na anayeagiza ndiye wa kusema abaki.