Uzi wa Hariri Uliofichua Njia ya Umeme

Mwaka 1600 tabibu wa Uingereza, William Gilbert, alichapisha orodha ya vitu ambavyo vikisuguliwa huvuta makapi: kaharabu, kioo, salfa, lakiri na vinginevyo. Metali hazikuwamo. Kwamba nguvu hiyo yaweza kutoka kitu kimoja na kusafiri mbali hadi kingine, hilo lilimsubiri mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kutia nguo rangi.

Stephen Gray alizaliwa Canterbury mwaka 1666. Uzeeni aliishi Charterhouse, London, nyumba iliyotunza wazee wasio na mali. Hakuwa na mitambo. Alikuwa na bomba la kioo, na mwaka 1729 aliliziba kwa vizibo vumbi lisiingie. Alipolisugua, unyoya ulivutwa na kizibo, ingawa kizibo chenyewe hakikusuguliwa. Wengi wangelipita jambo hilo. Gray alichomeka kijiti kwenye kizibo na kukitia tufe la pembe ya ndovu. Tufe nalo likavuta. Akafunga uzi wa katani na kuning'iniza chochote kilichokuwa karibu: sarafu, mawe, matofali, koleo la moto, birika, hata mboga. Vyote vilivuta.

Uzi ukining'inia kutoka roshanini, mambo yalikwenda vizuri. Alipoulaza chini ya dari kwa kuufunga kwa katani ileile, nguvu ilipotea. Alikisia, na kwa usahihi, kwamba ilikuwa ikitorokea kwenye boriti.

Julai mwaka huo alikwenda Kent, nyumbani kwa rafiki yake Granville Wheler, ambaye alishauri uzi utegemezwe kwa hariri. Walidhani hariri itafaa kwa kuwa ni nyembamba, hivyo itavujisha kidogo tu. Nguvu ikafika futi 147. Walipouzidisha urefu, hariri ilikatika kwa uzito, nao wakaweka waya wa shaba, mwembamba vilevile lakini imara. Kukawa kimya: hakuna kilichovutwa. Waliporudisha hariri, tena nene zaidi, nguvu ikapita. Kwangu mimi, hapa ndipo elimu ya umeme ilipopata msingi wake: wembamba haukuwa na kazi yoyote, kilichoamua ni kitu chenyewe kimeumbwa kwa nini. Kabla ya kuagana, walifikisha nguvu hiyo futi 765.

Mwaka 1730 Gray alimning'iniza mvulana kwa kamba za nywele, akamsogezea bomba miguuni, na vipande vyepesi vya shaba vikarukia uso wake. Mwili wa binadamu nao ulipitisha. Kule Ufaransa, mtafiti Charles Du Fay aliulowesha uzi kwa maji na kuvuka futi 1,200. Unyevu, kumbe, ulikuwa ukisaidia katani tangu mwanzo.

Gray alipewa nishani ya kwanza kabisa ya Copley mwaka 1731, na nyingine mwaka uliofuata. Alifariki mwaka 1736, wala hakuna picha yake inayojulikana. Lakini alichogundua kiliendelea kutumika: simu ya maandishi ilipofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, ilipita baharini katika waya wa shaba uliovishwa utomvu wa miti ya Malaya: shaba ipitishe, utomvu uzuie.

Walimu wa fizikia, mnapowagawia wanafunzi betri, taa, misumari na vijiti wajaribu kipi kinapitisha, watajieni jina la Stephen Gray.