Uma wa Baiskeli na Kiwanda cha Mhunzi

Wasomaji wetu, baiskeli twaijua sote. Walimu na wahubiri huiendea safari, wauguzi huiendea wagonjwa, na mkulima hufungia gunia lake nyuma yake akaenda sokoni. Tena twajua sote kwamba baiskeli ni rafiki bondeni na mzigo mlimani. Penye kilima kikali mwenyewe hushuka akaisukuma. Basi twapenda kuwaeleza habari za watu waliokataa kushuka, na hasa habari za mmoja wao, ambaye hakupata ushindi, na hata hivyo jina lake halikupotea.

Mwaka 1903 gazeti moja la Ufaransa, jina lake L'Auto, lilikuwa katika mashindano makali na gazeti jingine la michezo, nalo lilitaka kupata wanunuzi. Mkuu wake, Henri Desgrange, akakubali shauri la mwandishi wake Géo Lefèvre, kwamba wafanye mashindano ya baiskeli ya kuizunguka nchi nzima. Watu 60 walianza safari ile ya kwanza, wakaenda kilometa 2,428 kwa vipande sita, na waliofika mwisho walikuwa 21 tu. Mshindi alikuwa Maurice Garin, ambaye zamani alikuwa akisafisha mabomba ya moshi ya nyumba. Gazeti likauzwa sana, na mashindano yakafanywa tena kila mwaka mpaka vita vilipoyazuia.

Miaka ile ya kwanza njia ilipita zaidi katika nchi tambarare na vilima vya kadiri. Lakini kusini mwa Ufaransa iko milima ya Pyrenees, mpaka wa nchi ile na Hispania. Imetupasa kueleza umbo la milima hiyo, kwa maana pasipo hilo habari yetu haifahamiki. Mito hutoka katika vilele vyake, hushuka kuelekea kaskazini, na kila mto umejichimbia bonde lake. Mabonde hayo yamelala sambamba kama matuta ya shamba, na kati ya bonde na bonde umesimama mgongo wa mlima. Kwa hiyo mtu aendaye kwa kuufuata mto hupata njia nyepesi. Lakini mtu aendaye kutoka magharibi hata mashariki hana budi kuupanda kila mgongo, kupita penye pengo lake, na kushuka tena mtoni, kisha kuanza upya.

Karne ya 19, katika enzi ya Kaisari Napoleon III, barabara ilitengenezwa ya kuiunganisha miji ya mabonde yale, ambayo watu waliiendea kuoga katika chemchemi za maji ya moto. Barabara hiyo yapita mapengo manne mashuhuri: Aubisque, meta 1,709 juu ya bahari, Tourmalet, meta 2,115, Aspin, meta 1,490 hivi, na Peyresourde, meta 1,569. Ilikuwa njia ya magari ya farasi, yenye mawe na matope, na wakati wa baridi hufunikwa na theluji.

Mwaka 1910 mwandishi mwingine wa gazeti lile, jina lake Steinès, alikwenda kuitazama njia hiyo. Theluji ilikuwa ingali nyingi juu ya Tourmalet. Gari lake likashindwa, naye akaendelea kwa miguu gizani, nusura apotee. Hata alipookoka akampelekea mkuu wake simu kwamba njia yapitika vema! Basi mwezi wa Julai mwaka ule wapanda baiskeli wakapelekwa milimani. Octave Lapize ndiye aliyeshinda siku ile ya kuvuka mapengo yote manne, kwa safari ya kilometa 326 iliyochukua saa zaidi ya 14. Yasimuliwa kwamba alipowaona waandalizi njiani, aliwaita wauaji. Hata hivyo hakuacha, naye ndiye aliyetwaa ushindi wa mwaka ule. Mwaka wa pili yake, 1911, wakapelekwa na katika milima ya Alps, kwenye pengo la Galibier lililo juu zaidi ya hayo.

Tusidhani kwamba baiskeli zao zilikuwa kama za mashindano ya siku hizi. Zilikuwa nzito, wala hazikuwa na chombo cha kuuhamisha mnyororo kutoka jino hata jino. Chombo hicho hakikuruhusiwa katika mashindano haya mpaka mwaka 1937. Tena ilikuwako sheria kali: mtu asisaidiwe na mtu. Chombo kikiharibika, mwenyewe akitengeneze kwa mikono yake, au sivyo aadhibiwe.

Sasa twafika kwa mtu wetu. Eugène Christophe, Mfaransa, alizaliwa mwaka 1885, na katika ujana wake alijifunza kazi ya kufua makufuli. Mwaka 1912 alikuwa wa pili katika mashindano. Mwaka 1913 akaja tena, na watu wengi walitumaini kwamba mara hii atashinda. Tarehe 9 Julai waliondoka Bayonne kwenda Luchon, kilometa 326. Wakavuka Aubisque, wakashuka katika bonde la Gave de Pau, wakapanda Tourmalet. Christophe alikuwa miongoni mwa watangulizi. Lakini alipokuwa akiteremka kuelekea bonde la mto Adour, uma wa mbele, yaani chuma kile kinachoshika gurudumu, ukavunjika.

Afanyeje? Baiskeli nyingine haikuruhusiwa. Akaitwaa baiskeli yake begani, gurudumu mkononi, akashuka mlima kwa miguu kilometa zaidi ya 10, huku wenziwe wakimpita mmoja baada ya mmoja. Akafika kijiji kiitwacho Sainte-Marie-de-Campan, akauliza mahali pa mhunzi, akaonyeshwa. Mhunzi alikuwa tayari kumfanyia kazi, bali wasimamizi wa mashindano walisimama pale wakitazama, na sheria ilikuwa ile ile. Ndipo kazi aliyojifunza ujanani ikamfaa. Akawasha moto, akatwaa chuma, akakipiga juu ya fuawe muda wa saa tatu hivi, hata uma ukaunganika. Lakini mtu mmoja hawezi kushika chuma na nyundo pamoja na kuvukuta mivukuto. Kijana mmoja wa pale akamvukutia.

Kwa ajili ya kijana yule Christophe alihesabiwa dakika 10 za adhabu. Baadaye zikapunguzwa kuwa 3. Alipomaliza, akapanda tena baiskeli, akavuka Aspin na Peyresourde, akafika Luchon karibu saa nne nyuma ya wa kwanza. Hakuacha mashindano; alifika Paris wa saba. Ushindi ulikuwa wa Philippe Thys, Mbelgiji.

Kisha vikaja vita vikuu vya 1914 hata 1918, navyo vikawatwaa mashujaa wengi wa barabara hizo. François Faber, mshindi wa mwaka 1909, aliuawa mwaka 1915, na Lapize, aliyekuwa rubani wa ndege, aliuawa mwaka 1917. Mashindano yalipoanza tena mwaka 1919, desturi mpya ikaanzishwa, kwamba anayeongoza avae fulana ya rangi ya manjano, kwa kuwa karatasi ya gazeti lile ilikuwa ya manjano. Wa kwanza kuivaa alikuwa Christophe. Lakini siku chache kabla ya mwisho, karibu na Valenciennes, uma ukavunjika tena, naye akatengeneza tena kwa mikono yake. Ushindi ukaenda kwa Firmin Lambot. Wasomaji wa gazeti wakaingiwa na huruma, wakamchangia fedha. Na mwaka 1922, alipokuwa akiteremka Galibier, uma ukavunjika mara ya tatu. Mashindano yale hakuyashinda kamwe.

Wahenga wetu husema, mvumilivu hula mbivu. Je, mithali hii imekosa? Christophe alivumilia kuliko wengi, na mbivu zikaliwa na wengine. Tena tutasema nini juu ya ile adhabu? Wako wanaosema kwamba sheria ni sheria, na kwamba msimamizi akiilegeza kwa mmoja, kesho wote watataka kulegezewa. Neno hili lina kweli ndani yake, na mwalimu yeyote alijua. Lakini sheria ile iliwekwa ili tajiri mwenye watumishi wengi asimshinde maskini aendaye peke yake. Siku ile ilimwadhibu mtu aendaye peke yake kwa pumzi ya mivukuto. Sheria inapoumiza yule iliyewekwa kumlinda, wenye kuitunza hawana budi kukumbuka kwa nini iliwekwa.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya wapigao mbio, aliwakumbusha kwamba taji lao ni la kuharibika. Ndivyo ilivyo. Katika Sainte-Marie-de-Campan kipo kibao cha ukumbusho, kilichowekwa mwaka 1951, cha kuwaambia wapitao kwamba hapa ndipo Christophe alipoutengeneza uma wake. Yeye alifariki mwaka 1970. Hawakuweka kibao kile kwa sababu alishinda, maana hakushinda. Walikiweka kwa sababu alipovunjikiwa hakuketi njiani kulia, wala hakuona haya kushika tena nyundo ya kazi yake ya kwanza. Vijana wetu wanaodhani kwamba kazi ya mikono ni ya kuachwa mara mtu ajuapo kusoma, na wasimame kidogo penye kiwanda hicho, watazame.