Gor Mahia, Shujaa wa Kuchekesha

Ukisimama Uriri, msomaji, ukaelekeza uso kaskazini, ng'ambo ya mashamba ya miwa ndiko iliko nchi ya Kanyamwa, katika Ndhiwa. Huko aliishi Gor, mwana wa Ogada, mganga na mtawala, aliyeitwa Gor Mahia kwa ajili ya maajabu yake. Yasemekana aliweza kujigeuza apendavyo: mara kikongwe, mara kijana, mara mwanamke, mara mnyama. Fikiri taabu ya mgeni aliyetumwa kumwita! Hakuwa shujaa wa kutisha kama Lwanda Magere wa Kano, mwenye mwili wa jiwe, ambaye kisa chake huishia kwa kilio. Kisa cha Gor huishia kwa kicheko.

Huenda umesoma vitabu vya picha vya Marekani. Mwaka 1941 mchoraji Jack Cole alimbuni Plastic Man, shujaa mdogo wa kuchekesha, mwenye kunyumbuka kama mpira, aliyejigeuza hata kiti ili awanase wezi. Lakini rangi nyekundu ya nguo yake ilibaki pale pale, msomaji apate kumtambua. Gor hakuacha alama. Tena Plastic Man alijigeuza ili aisaidie serikali. Gor wa hadithi alijigeuza ili serikali isimwone.

Serikali ipi? Mwaka 1902 Nyanza ilitolewa Uganda ikatiwa katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Jirani zao, Wagusii, walishika mikuki mwaka 1905 na tena 1908, wakapigwa kwa bunduki. Watu wa Kanyamwa waliyaona hayo. Mtawala wa siku zile alitakiwa kukusanya kodi ya nyumba na kutoa vibarua. Mbele ya Bwana DC alikuwa mtumishi. Akirudi nyumbani, watu walimtaka awe baba yao. Usiniambie, basi, kwamba kujigeuza ni upuuzi wa wazee tu. Sisemi kwamba Gor aligeuka mnyama. Nasema waliosimulia walijua vema mtu mwenye nyuso mbili hupata shida gani, wakaona heri wamcheke Bwana DC kuliko kumlilia mtawala wao.

Mwaka 1968 timu mbili za mpira, Luo Union na Luo Stars, ziliungana zikachukua jina lake. Mwaka 1987 Gor Mahia ilishinda Kombe la Washindi la Afrika, na jina la mtu asiyeonekana likapigiwa kelele na maelfu uwanjani Nairobi.